Seli shina: kilichopo maabara, kilichopo Dodoma na kinachouzwa Tunduma

 

Katika maswali yaliyotufikia mwezi huu lipo moja kutoka kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, ambalo tumeona halitoshi kujibiwa kwa mistari mitatu kama ilivyo kawaida yetu. Muulizaji ni baba wa mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye selimundu, maradhi ambayo wengi tunayaita sikoseli. Anasema alipoteremka Tunduma kwa shughuli zake alikutana na watu wanaouza unga wa kwenye vipakiti, wa kuweka chini ya ulimi, wakamwambia kuwa huo ni "seli shina". Wakamwonyesha kwenye simu kipande kidogo cha moyo kinachodunda ndani ya kisahani cha maabara, kina na mishipa yake ya damu, wakasema elimu ndiyo hiyo hiyo, na kwamba dozi ya miezi sita itampa mtoto damu mpya. Bei yake inakaribia bei ya mtamba mmoja. Kamati ya msikiti imeshachangisha fedha kwa ajili ya mtoto, na wapo wanaotaka zilizopungua zijazwe kutoka kwenye zaka.

Baba huyu anauliza mambo matatu. Je, tiba hiyo inajuzu, ilhali amesikia kuwa seli shina hutolewa kwenye mimba zilizoharibiwa? Je, kamati ikinunua vipakiti hivyo itakuwa imeitumia amana ya watu kwa haki? Na la tatu limetoka kwa mkewe, aliyesikia redioni kwamba Dodoma wanatibu maradhi haya kwa kuchukua uloto wa ndugu: binti yao ana miaka sita, hajabaleghe, hajui kukubali wala kukataa. Je, wazazi wana haki ya kuutoa uloto wake?

Ndugu zetu wa Ikinga wako mbali. Wilaya yao ni ya milima, mto Songwe ndio unaowatenga na Malawi, Waislamu wa huko si wengi, na mwanachuoni wa kumuuliza jambo kama hili hapatikani kila kijiji. Tunduma kwa upande wake ni mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, na kila kitu hupita hapo, cha halali na cha kasoro. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu baba aliyesimama kusikiliza. Tutaanza na ile picha ya kwenye simu, kwa sababu picha yenyewe ni ya kweli, na ukweli wake ndio uliompa muuzaji nguvu.

Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Seli ya ngozi imeshakuwa ngozi na ya ini imeshakuwa ini, lakini seli shina inaweza kuzaa nyingine zenye kazi mbalimbali. Zipo ndani ya uloto wetu, ule ute wa ndani ya mfupa, nazo zinatengeneza damu usiku na mchana. Zipo kwenye damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Zipo pia kwenye kiinitete cha siku chache, na hizi ndizo zenye uwezo mpana kuliko zote. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alifanikiwa kuzitoa kwenye viinitete vya binadamu na kuzikuza maabara. Ugomvi wa kisheria na kidini duniani ulianzia hapo.

Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka, Mjapani, akaja na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alichukua seli za kawaida za panya, akaziingizia jeni nne, zikarudi nyuma zikawa kama seli shina za kiinitete. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutoa kipande kidogo cha ngozi yake mwenyewe, na kutokana nacho zikapatikana seli zinazoweza kuwa moyo, ini au mshipa, bila mimba yoyote kuguswa. Msomaji alishike hili, tutalirudia katika hukumu.

Sasa kwa nini wataalamu wanahangaika na mishipa ya damu? Kwa sababu nyama iliyo hai haiishi kwa kuwekwa tu kwenye maji yenye lishe. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa haisafiri mbali ndani ya nyama. Ikivuka sehemu mbili za kumi za milimita hivi, yaani unene wa karatasi mbili za daftari, imekwisha, na seli zilizo mbele yake zinakufa. Ni kama shamba la mpunga: majaruba ya karibu na mfereji yanastawi, ya mbali yanakauka ingawa maji yapo mtoni. Ndio maana kukuza utando mwembamba wa ngozi kuliwezekana zamani, lakini kukuza figo au moyo mzima hakujawezekana mpaka leo. Wanaweza kuzikuza seli. Kuzipelekea damu ndiko kunakowashinda.

Hatua zimepigwa. Mwaka 2013 Takanori Takebe na wenzake huko Yokohama walichanganya seli za aina tatu zikajikusanya zenyewe kuwa chipukizi la ini, na walipolipandikiza kwa panya, mishipa yake iliungana na ya panya ndani ya siku mbili. Mwezi Juni 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwemo Oscar Abilez na Joseph Wu, walitangaza katika jarida la Science kuwa wamekuza vijimoyo na vijini kutokana na seli shina, ndani yake mkiwa na mishipa midogo iliyojigawa matawi. Tunadhani ile picha aliyoonyeshwa ndugu yetu ni ya utafiti huu au wa namna yake. Lakini kijimoyo hicho kina ukubwa wa punje ya ulezi au chini yake. Hakijawekwa ndani ya kifua cha mtu. Kazi yake kwa sasa ni kujifunza namna moyo wa mtoto unavyoumbika tumboni na kujaribia dawa.

Mshipa wenyewe umefika mbali zaidi. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mshipa wa damu uliokuzwa maabara kutokana na seli za binadamu, kisha seli zikaoshwa ukabaki utando mtupu, kwa ajili ya watu walioumia mkono au mguu na mshipa wao ukakatika. Huo si wa seli shina, na ni bomba moja tu, lakini ni dalili kwamba mlango umeanza kufunguka.

Watu wetu wana nasaba na elimu hii, jambo tunalolitaja kwa sababu vijana wengi hudhani dini na tiba ni vitu viwili visivyojuana. Njia ya damu kutoka upande wa kulia wa moyo kupitia mapafuni hadi kushoto ilielezwa na Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, karne nyingi kabla ya Ulaya. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia faqihi wa madhehebu ya Imam Shafii, madhehebu yetu sisi wa mwambao.

Kabla ya hukumu tutaje msiba mmoja, kwa kuwa uliwapata watu wa upande wetu wa Afrika na kwa kuwa ndani yake kuna somo lote la mishipa. Mwezi Juni 2011, katika hospitali ya Chuo cha Karolinska nchini Sweden, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimpandikizia kijana mmoja kutoka Eritrea koo la hewa la plastiki lililomwagiwa seli shina za uloto wa kijana mwenyewe. Dunia ikatangaziwa kuwa seli zile zitakua, zitalivika plastiki nyama hai, na koo litakuwa lake. Magazeti makubwa yaliandika. Lakini plastiki ile haikuwa na mshipa hata mmoja wa kuileta damu. Seli haziwezi kuota juu ya kitu kisichopata damu, na hazikuota. Kijana alifariki Januari 2014 baada ya mateso ya muda mrefu. Wagonjwa wote watatu waliofanyiwa hivyo Karolinska walikufa. Baadaye ilibainika kuwa jambo hilo halikutanguliwa na majaribio ya kutosha kwa wanyama. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilibatilisha makala yake, na Juni 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka miwili na nusu.

Kama yalitokea Sweden, kwenye hospitali ya chuo ambacho jopo lake huteua mshindi wa Nobel ya tiba, basi mwenye vipakiti wa stendi ya Tunduma asitake aaminiwe kwa neno lake.

Tukija kwenye hukumu, asili ni kwamba kutafuta tiba kumeamrishwa. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, na akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo ameipokea Usama bin Sharik (R.A.). Na kiungo kilichotengenezwa si jambo geni katika sheria. Arfaja bin Asad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, akajiwekea ya fedha ikamnukia, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi asiyeharamisha pua ya dhahabu hawezi kuharamisha, kwa kule kutengenezwa tu, ini lililokuzwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe.

Kinachoangaliwa ni chanzo. Baraza la Fiqhi la Rabita lilikaa Makka Desemba 2003, katika kikao chake cha 17, likatoa uamuzi kuhusu seli shina ambao wanavyuoni wengi wanautegemea. Liliruhusu kuchukua seli hizo kwa mtu mzima aliyeridhia bila kudhurika, kwenye kondo la nyuma na damu ya kitovu, na kwenye mimba iliyotoka yenyewe au iliyotolewa kwa sababu ya tiba inayokubaliwa na sheria. Likaharamisha mimba iliyotolewa kwa makusudi bila sababu hiyo, mbegu za mwanamume na mwanamke zilizokutanishwa kwa ajili ya kuvunwa tu, na kunakili binadamu hata kama nia ni tiba.

Pana sehemu moja wanavyuoni hawakukubaliana, na ni haki msomaji aijue. Wanandoa wakitafuta mtoto kwa njia ya kurutubisha nje ya tumbo, viinitete huweza kubaki. Baraza la Makka lilijuzisha vitolewe kwa utafiti wa tiba. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, katika kikao chake cha 6 cha mwaka 1990, ilikuwa imeshaamua kuwa yai lisirutubishwe zaidi ya linalohitajika, na likibaki liachwe bila kuhudumiwa mpaka uhai wake ukome wenyewe. Sisi tunaegemea uamuzi wa Jeddah. Roho haijapulizwa katika siku hizo, hilo tunalikubali. Lakini Imam Ghazali katika Ihya alishaeleza kuwa kuharibu mimba ni jinai tangu hatua yake ya mwanzo, na uzito wake unazidi kadiri inavyokua. Ingawa maneno yake ni juu ya kilichokwisha kutulia tumboni, roho ya maneno hayo inatuzuia tusikifanye kiinitete kuwa malighafi. Na baada ya kazi ya Yamanaka haja yenyewe imepungua. Maabara nyingi bado zinatumia seli za aina zote mbili, kwa hiyo siku tiba hizi zitakapofika kwetu itabidi kuuliza zimetoka wapi. Wanaopinga rai yetu hii wana dalili zao, nasi hatumwiti mpotovu aliyefuata Baraza la Makka.

Lipo pia suala la kiunzi. Watafiti wengine huchukua kiungo cha nguruwe, wakakiosha seli zote, wakabakisha umbo lake na njia za mishipa yake, kisha wakapanda humo seli za binadamu. Wanaosoma Minhaj ya Imam Nawawi watakumbuka katika masharti ya sala mas-ala ya aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho safi: huyo ana udhuru. Sisi Mashafii hatupanui sana mlango wa kitu kugeuka kikawa kitu kingine, hivyo hatusemi kuwa kiunzi hicho kimekuwa safi kwa kuoshwa maabara. Tunasema ni dharura, inajuzu kinapokosekana kisicho najisi, wala mgonjwa haamrishwi kukitoa ili asali.

Hayo yote ni ya kitu ambacho bado hakijafika. Tuje kwenye vipakiti.

Unga huo, kwa maelezo yaliyoandikwa kwenye maboksi ya bidhaa za namna hii, hutokana na mimea: tufaha, zabibu na kadhalika. Mmea nao una seli shina zake, hilo ni kweli, na humo ndimo ujanja ulimojificha. Seli ya tufaha haiwezi kuwa seli ya damu ya mtoto wa Ikinga. Imekaushwa, imekufa, na ikimezwa inasagwa tumboni kama chakula kingine. Hata zingekuwa seli hai za binadamu, kuwekwa chini ya ulimi kusingezifikisha kwenye uloto. Mgonjwa wa selimundu anayepandikizwa kweli huwekewa seli kwa njia ya mshipa, tena baada ya uloto wake wenye kasoro kudhoofishwa kwa dawa kali hospitalini. Hakuna kipakiti kinachofanya kazi hiyo.

Muulizaji anasema muuzaji alimwonyesha karatasi ya serikali. Ajue kwamba tangu mwaka 2019 vyakula Tanzania Bara vinasajiliwa na TBS, na dawa zinasajiliwa na TMDA. Kitu kinaweza kuwa na alama ya TBS kwa kuwa ni chakula kisicho na sumu. Alama hiyo haishuhudii kuwa kinatibu selimundu, figo wala kisukari. Mwenye kukiita dawa aulizwe usajili wa TMDA, basi.

Kwa hiyo swali la mimba zilizoharibiwa halihusiani na vipakiti, kwa sababu hamna ndani yake seli ya binadamu. Uharamu wake umetoka upande mwingine, nao ni ghishi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini yake ni majimaji, akamkemea mwenye mali na akamtoa mwenye kudanganya katika wale walio pamoja naye. Yule wa sokoni aliificha nafaka mbovu chini ya nzuri. Huyu wa Tunduma ameuficha unga wa matunda chini ya picha ya moyo wa Stanford. Na katika hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara yake. Mafaqihi wameijenga juu yake hukumu iliyo wazi: mtoto akizidiwa kwa sababu mzazi aliambiwa aache dawa za hospitali atumie unga, aliyemwambia ana dhamana mbele ya sheria na mbele ya Mola wake.

Wapo wauzaji ambao hawajui. Wengi wao ni vijana wetu, na wengine ni mama zetu, walioingizwa kwenye ile biashara ya mtandao ambapo unalipa kiingilio kisha unawaunganisha wengine chini yako ule faida yao. Hao nao wametapeliwa kabla ya kutapeli. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliharamisha mfumo huo mwaka 1425 H, sawa na 2004, kwa kuwa bidhaa ndani yake ni pazia tu, na kinachouzwa hasa ni nafasi ya kupata wanachama. Tunawaambia kwa upole: rejesheni fedha za wagonjwa mlizoweza kuzirejesha.

Sasa Dodoma, na hapa ndipo tunapomtaka baba wa Ikinga atusikilize zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye selimundu nyingi kuliko zote duniani. Makadirio yanayotajwa ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka. Tiba ya seli shina kwa maradhi haya ipo, haihitaji kusubiri Stanford, na jina lake la kawaida ni upandikizaji wa uloto. Muhimbili walianza upandikizaji wa uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakitumia seli za mgonjwa mwenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, wakishirikiana na wataalamu kutoka Italia. Ndiyo ile iliyosikiwa redioni. Mama wa mtoto alisikia vizuri.

Lakini tusimpe matumaini yasiyo na mipaka, tukawa kama wale wa vipakiti. Anahitajika mtoaji ambaye seli zake zinalingana na za mgonjwa, na kwa ndugu wa baba na mama mmoja uwezekano ni mmoja kwa wanne. Dawa zinazotangulia ni kali na zinaweza kuathiri uzazi wa baadaye, jambo ambalo mzazi aliulize mapema bila haya. Seli mpya huweza kuushambulia mwili. Wapo wanaofariki. Duniani, kwa watoto waliopata ndugu anayelingana na kutibiwa pahala penye uzoefu, wanaopona ni zaidi ya tisa katika kumi. Gharama ni makumi ya mamilioni ya shilingi, kwa hiyo bila bima, serikali au wafadhili mkulima wa kahawa wa Ileje hafiki.

Kuhusu binti wa miaka sita, maamuzi mawili tuliyonayo yanahitaji kusomwa pamoja. Majmaa ya Jeddah, mwaka 1988, iliruhusu kuhamisha sehemu ya mwili inayojizalisha yenyewe, kama damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe na akili na ukamilifu wa kuamua. Mtoto hana ukamilifu huo. Lakini Baraza la Makka, katika uamuzi ule wa 2003 unaohusu seli shina hasa, lilijuzisha zichukuliwe kwa watoto kwa idhini ya mawalii wao, kwa maslahi ya kisheria na bila madhara kwao. Tunaona hukumu mahsusi inatangulizwa, na tunajuzisha. Uloto hutolewa kwenye mfupa wa nyonga mtoto akiwa amelazwa usingizi, na mwili huurudisha ndani ya wiki chache. Maumivu yapo, na usingizi wa dawa una hatari zake ndogo.

Neno "bila madhara" tunalitilia mkazo. Daktari anayempima binti asiwe anayemtaka kaka yake apone tu. Awepo wa kumwangalia binti kwa ajili ya binti. Akionekana ana udhaifu, wazazi hawana haki ya kulazimisha, hata kama yeye ndiye pekee anayelingana. Aelezwe kwa maneno ya umri wake. Na asije akakua anaambiwa kila siku kuwa ana deni kwa kaka yake au kaka ana deni kwake. Tunajua nyumba zetu zilivyo. Ikiwa binti amebeba nusu ya maradhi bila kuumwa, hilo peke yake halimzuii kutoa, vipimo vitasema.

Waulizaji wengine walishatuuliza kama anayepokea uloto wa mtu wa kando anakuwa ndugu yake kama wa kunyonya, kwa kuwa damu yake yote baadaye inakuwa na vinasaba vya mtoaji. Hapana. Umahramu wa kunyonya umefungwa kwenye maziwa na kwenye umri wake, na Baraza la Makka lilishaamua kuhusu kuongezewa damu kuwa hakuharamishi ndoa. Uloto ni vivyo hivyo. Nasaba yake haigusi pia, hata kama kipimo cha damu kitaonyesha vingine. Mirathi inabaki ilivyo.

Imebaki amana ya kamati. Fedha zilizochangwa kwa jina la matibabu ya mtoto huyu haziwezi kununua kitu ambacho kamati imeshajua kuwa si matibabu. Wao ni mawakili, na wakili hafanyi linalomdhuru aliyemuwakilisha. Kabla ya kujua wana udhuru. Baada ya kusoma haya udhuru umekwisha. Na hata wakitaka kuzihamishia kwa mgonjwa mwingine, kwanza wawarudie waliochanga, kwa kuwa walitoa kwa ajili ya huyu.

Zaka hukumu yake ni nyingine kidogo. Baba huyu ana mifugo na shamba, lakini kama mapato yake hayatoshi mahitaji yake, naye ni maskini anayestahiki. Kumiliki ng'ombe hakumtoi. Apewe mkononi mwake, aimiliki, kisha aitumie kwa nauli, malazi na vipimo. Kamati isimnunulie vitu kwa niaba yake ikaita hiyo zaka. Nauli tunaitaja makusudi, kwa kuwa kutoka Ikinga hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Dodoma, kisha kukaa huko na mtoto, ndiko kunakowakatisha tamaa wengi kabla ya bili yoyote ya hospitali.

Basi aanze hivi. Mtoto asiache haidroksiyuria wala foliki kama ameandikiwa, na alindwe na malaria. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, baba aombe rufaa ya maandishi ya kwenda kuonwa Dodoma, na aulize kipimo cha kulinganisha seli kwa watoto wote wa mama huyo huyo, si binti huyu peke yake. Akikosekana anayelingana, fedha za msikiti zitakuwa bado zina kazi: dawa za kila mwezi, kliniki, na damu siku akiihitaji. Na ikiwa ameshalipa chochote kule Tunduma, ana haki ya kudai, na tuko tayari kumwandikia barua ya kumsaidia kwa Kadhi wa mkoa au popote atakapoona pana msaada.

Wallahu a'lam.